Nta kwenye Sanduku la Mtandao

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nimeuza mkaa, nimeswaga ng'ombe kutoka mnada mmoja hadi mwingine, Kongwa na kurudi, nimepinduka na lori lililojaa alizeti nikatoka dirishani nikiwa bado nimeshika usukani. Shule niliishia darasa la tano na sioni haya kulisema, maana waliomaliza vyuo ndio ninaowalipa mshahara. Ukishuka stendi ya Kondoa ukauliza nyumba ya vigae vya bluu, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakupeleka. Kwa hiyo nilipoamua kuuza mtandao, sikwenda kwa mtu kuomba ushauri. Niliuza Fuso langu, nikaanza.

Mke wangu alininunia kuanzia mfungo hadi mfungo. Lori lilikuwa linatulisha. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Huko nyuma ya kilima, ukitoka Kolo kuelekea Busi, kuna bonde lenye vijiji na watu wenye akili zao, na simu zao zilikuwa mapambo. Mtu akitaka kutuma pesa kwa mwanawe aliye Dodoma, anapanda juu ya jiwe, ananyoosha mkono kama anayechuma zambarau. Makampuni ya simu yalikuja, yakatazama, yakaondoka. Minara yao inaipenda barabara kuu. Bonde liko mgongoni.

Wengi wanadhani intaneti inashuka kutoka angani kama mvua, kwa hiyo acha nieleze nilivyoijenga yangu. Mtandao unafika Kondoa kwa waya uliozikwa ardhini. Mimi naununua kwa jumla, kama mtu anavyonunua sukari kwa magunia, kisha naupima rejareja. Juu ya paa la duka langu kuna dishi linalotazama kilimani. Kilimani nimesimamisha mlingoti wenye madishi mawili yaliyopeana migongo: moja linatazama mjini, la pili linatazama bondeni. Bondeni, juu ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, kuna dishi linalopokea, na chini yake kifaa cha kusambazia simu za watu. Mtu ananunua vocha ya mia tano, anaingiza namba, anaona dunia. Mtandao hauruki kilima wala haukati kona. Unataka kuonana uso kwa uso. Ndiyo maana ule mlingoti ndio moyo wa kila kitu. Ukizimika wenyewe, kila kitu kimesimama.

Pale kwenye mlingoti hakuna umeme, kwa hiyo niliweka paneli za jua na sanduku la bati nene lililochomelewa kwa fundi wa mjini. Ndani ya sanduku kuna betri, kuna kidhibiti cha betri, kuna swichi ya mtandao inayounganisha madishi. Chini lina tundu la kupitishia nyaya na pembeni matundu madogo ya kupumulia. Fundi wangu wa mtandao, dada mmoja aliyesoma chuo pale Dodoma, aliniambia tununue silikoni tuzibe kandokando ya nyaya mvua isiingie.

"Silikoni iko wapi?"

"Kondoa imeisha, bosi. Tuagize Dodoma."

"Tusubiri basi la Dodoma kwa ajili ya gundi? Babu yangu alikuwa akiziba kibuyu kilichopasuka kwa nta, na tone halikupita."

Nikanunua nta ya nyuki kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliye na mizinga yake Kolo. Nikaiyeyusha mwenyewe, nikapaka tundu lote la nyaya na mishono ya mlango. Ilikuwa wakati mbaazi zimechanua, bonde zima la njano. Kazi ilikuwa safi, na mpaka leo nasema ilikuwa safi. Mvua za mwisho zilinyesha, na tone halikupita.

Sasa, mnada. Mbaazi siku hizi haziuzwi kwa dalali kuja na mizani yake ya wizi. Wakulima wanakusanya ghalani, na wanunuzi, popote walipo, wanaandika bei zao kwenye mfumo wa mtandao. Saa ikifika bei zinafunguliwa, zinaonekana ukutani kwa projekta, na wakulima wanakubali au wanakataa kwa sauti zao. Lakini bondeni hapakuwa na mtandao, kwa hiyo miaka yote mnada wao ulifunguliwa mjini mbele ya wawakilishi wawili, na kila mwaka wawakilishi wale walirudi kijijini wakiitwa wezi. Mwaka huu wakulima walisema, tunataka kuiona bei kwa macho yetu, ghalani kwetu. Kampuni moja kutoka Dodoma ikaja na makaratasi yenye picha. Mimi nikasimama kwenye mkutano nikasema, "Mimi sina picha. Mlingoti wangu mnauona kwa macho kila mkiamka."

Mwenyekiti wa chama, mama mtu mzima ambaye hata mimi nampa shikamoo, akakata maneno. "Mnada utafunguliwa hapa kwa mtandao wako, mwanangu. Ukipita, vyama vyote vya bonde hili tunafunga mkataba na wewe. Usipopita, tunawaita wale wa picha."

Hivyo ndivyo pesa yote ya Fuso langu ilivyowekwa mezani.

Wiki ile kabla ya mnada watu walianza kulalamika kwamba mchana mtandao unakata. Nikawaambia wanamaliza vocha zao kwa kutazama mipira. Fundi wangu hakuridhika.

"Bosi, jua likipanda linki ya madishi inayumba. Twende kilimani tukaangalie."

"Leo alfajiri nimeipima mwenyewe. Inakimbia."

"Alfajiri, bosi. Mchana je?"

"Mtandao wa mchana ni ule ule wa alfajiri. Nani kaubadilisha?"

Akaniinamishia kichwa, akaondoka. Ana adabu, ila ana kuondoka fulani ambako ni kama kujibu.

Siku ya mnada niliondoka nyumbani nimevaa koti la suti na nimejipulizia manukato ya harusi. Ghalani watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya magunia. Wanaume walivaa kofia zao za Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, wanawake wamebeba watoto mgongoni. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya kwa ajili ya projekta. Bwana ushirika alikuja kutoka wilayani na laptopu yake, kijana mzuri mwenye haraka, akaunganisha na mtandao wangu. Ukurasa ukafunguka puu! Watu wakapiga makofi. Nikainuka kidogo ili wanione vizuri.

Bei zilikuwa zifunguliwe saa nane. Saa nane ikafika, bwana ushirika akabonyeza, na pale ukutani pakatokea kile kiduara kinachozunguka.

Kikazunguka. Kikazunguka tena. Ghala zima tulikuwa tunatazama kiduara cheupe kikizunguka juu ya chokaa.

"Mzee wa vigae," akasema mmoja kutoka juu ya magunia, "hicho kiduara chako kinatafuta njia ya Busi? Kiambie kipite kulia!"

Wakacheka. Kicheko kile nilikijua. Ni kile cha watu ambao bado wanakupa nafasi, na kinaisha upesi. Fundi alikuwa ameshika simu yake, uso umekauka. "Ghala lipo sawa, bosi. Kilima ndicho kimezima."

Bwana ushirika akatazama saa yake. "Ndugu zangu, mfumo haunisubiri mimi. Ikifika adhana ya alasiri bei hazijafunguliwa hapa, nafunga. Mzigo unaahirishwa hadi mnada ujao."

Kicheko kikaisha. Kila aliyekuwa mle alijua kwamba bei ya mbaazi ilikuwa inashuka kila mnada, na kwamba mnada ujao maana yake ni shilingi pungufu kwa kila kilo. Kuna mama mmoja aliyekaa chini karibu na mlango alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nikampakia fundi kwenye pikipiki. Ile njia ya kilimani ina mawe kama vichwa vya ng'ombe na mimi niliipanda kama barabara ya lami. Pikipiki ilipokataa tukaiacha, tukapanda kwa miguu, koti la suti na yote. Hatua chache kabla ya mlingoti fundi akanishika mkono.

"Bosi, sikiliza."

Nilisikia mvumo. Nikadhani ni betri. Nikasogea, nikaweka mkono kwenye mlango wa sanduku, na bati lilikuwa moto kama kikaango. Hapo kwenye tundu la nyaya, pale nilipopaka nta kwa mikono yangu, nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kama watu mlangoni mwa benki siku ya mshahara.

Wa kwanza alinidunga juu ya jicho, wa pili kwenye sikio. Tulikimbia mpaka nyuma ya jiwe, fundi akiwa amejifunika khanga kichwani, mimi koti.

"Wamejaza masega mle ndani," akasema huku anahema. "Wameziba matundu ya kupumulia. Usiku na asubuhi kunakuwa na ubaridi, kidhibiti kinafanya kazi. Jua likilipiga bati, joto linapanda, kinajizima kisiungue. Ndiyo maana mchana." Akavuta pumzi. "Nilisema silikoni."

"Siyo wakati wake."

"Nasema tu, bosi."

Pale juu simu za makampuni zinashika. Nikampigia shemeji yangu. Huyu bwana ni Msandawe wa upande wa Chemba, amehamia Kolo na mizinga yake, na anajisifu kunizidi mimi, jambo ambalo si rahisi. Zamani nilimpa kazi ya utingo kwenye Fuso akakataa, akasema yeye hasafiri na magunia, yeye mali yake inaruka na kurudi yenyewe.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nipo nyumbani nakula. Karibu."

"Nyuki wameingia kwenye sanduku langu la kilimani."

Akacheka mpaka nikasikia ametua bakuli chini. "Ile nta! Shemeji, kumbe ile nta uliipaka tunduni? Hivyo ndivyo sisi tunavyowakaribisha! Mzinga mpya unaupaka nta mlangoni, kundi likipita linanusa, linasema hapa ni kwetu. Nilidhani umeanza ufugaji, nikasema hatimaye dada yangu kaolewa na mtu."

"Njoo uwatoe."

"Nyuki wa jua kali hawachokozwi. Nitakuja magharibi."

"Magharibi mnada umeshakufa! Wana mpaka alasiri tu, watu wote wako ghalani wananisubiri!"

Akaacha kucheka. Yeye naye ana jirani zake wenye mbaazi mle. "Unataka sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Haya. Lakini bei sitaji kwenye simu. Nikimaliza nitasema, na nitakachosema utatoa. Ndiyo au hapana?"

Mimi tangu nianze biashara sijawahi kununua kitu kisicho na bei. Hata sadaka najua natoa ngapi. Nilitazama chini bondeni. Paa la ghala lilikuwa linametameta, pikipiki zimepangwa nje, na watu wameanza kutoka mmoja mmoja kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Mtu akishatoka kukaa kivulini, bado kidogo tu aende nyumbani.

"Ndiyo," nikasema.

Alifika kwa pikipiki yake na bomba la kupulizia nyuki moshi limening'inia shingoni. Jambo la kwanza alinusa hewa. "Shemeji, umenukia kama bwana harusi! Nyuki wa Kondoa hawapendi manukato. Ukisogea hivyo watakuoa wao." Akachota mchanga, akaniambia nijisugue shingo na mikono. Nikajisugua, mimi mwenye nyumba ya vigae vya bluu.

Kofia ya wavu aliyokuja nayo ilikuwa moja. Alimtazama fundi. "Nyaya unazijua wewe?"

"Mimi tu."

"Basi vaa wewe. Mimi wananijua. Shemeji, wewe utapuliza moshi."

"Uso wazi?"

"Una koti. Jifunike, acha jicho moja. Lile lingine naona limeshafunga lenyewe."

"Tuwamwagie petroli yaishe," nikasema.

Akanigeukia, na safari hii utani haukuwepo. "Ukimwaga petroli mimi narudi kula. Nyuki waliohamia wenyewe hawachomwi. Utatoa vitu vyako, sanduku utawaachia."

Sikubishana. Tulisogea. Nilikuwa nabana lile bomba, moshi wa kinyesi cha ng'ombe unanirudi kwenye jicho langu zima, na nyuki wananigonga kwenye koti kama changarawe. Shemeji alikata nta yangu kwa kisu, akaufungua mlango polepole kama anayefungua chumba cha mgonjwa. Nikaona masega meupe yamening'inia kuanzia juu mpaka kwenye betri, na asali inang'aa, na vile vifaa vyangu vya gharama viko katikati vimefunikwa na nyuki mpaka huoni taa.

"Moshi," akasema. "Kidogo. Kidogo! Huchomi nyama."

Fundi akaingiza mikono. Glavu hakuwa nazo. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno kila alipodungwa, lakini mikono haikuacha kazi: waya mwekundu, mweusi, wa dishi la mjini, wa dishi la bondeni. Kidhibiti kikatoka. Swichi ikatoka, inanata asali. Betri tuliziacha mle mle, tukapitisha nyaya zake nje. Nikavua koti la suti, nikalitundika kwenye mlingoti liwe kivuli, na chini yake fundi akafunga vile vifaa kwa kamba ya katani, hewani, vipigwe na upepo.

Hapo adhana ya Kolo ikaanza.

Niliisikia vizuri kabisa, inapanda na upepo. Kuna jambo moja ambalo asiye wa huku halijui: misikiti yetu haiadhini kwa pamoja. Kolo huanza, bondeni hufuata baadaye kidogo, kila mwadhini na saa yake. Katikati ya adhana hizo mbili ndimo lilimokuwa Fuso langu.

"Washa," nikamwambia fundi.

"Kidhibiti bado cha moto, bosi. Kinakataa."

"Washa!"

"Nikikilazimisha kikiungua hatuna kingine!"

Shemeji akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akalowesha kitambaa, akampa. Fundi akakifunika kidhibiti mgongoni, mbali na nyaya, akawa anakipepea kwa kipande cha bati. Mimi nilikuwa nimesimama na nyuki wawili ndani ya shati na sikuthubutu kujikuna. Chini bondeni kipaza sauti kikakohoa, kile kikohozi cha mwadhini kabla hajaanza. Adhana ya pili ikapanda.

Ikafika mwisho. Ndipo taa ya kwanza ikawaka, nyekundu. Halafu ya kijani. Halafu zile nyingine zikaanza kupepesa, taa za madishi mawili yanayotafutana.

"Linki imepanda," fundi akasema, na akakaa chini kwenye jiwe.

Nilijua tumechelewa. Tulikaa pale mbali na sanduku, watu watatu wenye nyuso kama maandazi, tunatazama simu yangu. Haikupita hata muda wa kuvuta sigara, ikaingia kwa mtandao wangu sauti iliyorekodiwa ya mama mwenyekiti. Nikaiweka juu tusikie wote.

"Mwanangu, imerudi! Huyu bwana ushirika alitaka kufunga, nikamwambia mgeni haondoki kijijini kwangu na njaa. Nikamwekea kuku. Adhana imemkuta mkono uko kwenye ugali, na mkono wenye ugali haufungi laptopu! Bei zimefunguka. Sikiliza!"

Nyuma yake nikasikia ghala zima linapiga kelele kwamba tumekubali. Fundi wangu akalia, na mimi nikageukia upande wa pili kwa sababu lile jicho langu zima nalo lilikuwa limejaa moshi.

Mkataba niliusaini kesho yake, vyama vyote vya bonde. Wale wa picha hawajaonekana tena, na mlingoti wangu wa pili sasa unatazama Busi yenyewe.

Lakini pale kilimani shemeji alikuwa bado hajataja bei. Alikusanya bomba lake, akafuta kisu, akalitazama sanduku lililojaa nyuki wakitulia.

"Kwanza," akasema, "hili sanduku ni langu."

"Nimelichomelesha kwa pesa yangu."

"Lilikuwa lako. Sasa lina wenyewe, na wenyewe ni watu wangu. Ukiliondoa wataondoka na hasira, na njia ya kwenu wanaijua. Betri zako nitakutolea magharibi, wakishalala."

"Haya. La pili?"

"Laki mbili na nusu."

"Kwa moshi?"

"Ulisema ndiyo, shemeji."

Nilikuwa nimesema ndiyo. Nikamtumia pale pale kwa simu, na fundi akashuhudia. Bado nikatengeneza sanduku jipya, nikaagiza silikoni Dodoma kwa basi, nikalipia sindano za fundi na zangu zahanati, na mama mwenyekiti akaniletea bei ya kuku wake bila haya. Yote kwa pamoja, mnada ule ulinigharimu shilingi laki nne, elfu themanini na tano na mia tano.